Vibonzo vya Zamani Vilivyochapwa Upya Nchi za Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu waliopata kitabu cha Spider-Man au Superman kwa lugha wasiyoijua, na pia na wakusanyaji wa siku nyingi waliochoshwa na bei za matoleo ya Marekani. Majibu hayalingani urefu. Pale palipo na mengi ya kusema nimekaa zaidi.

Toleo la kigeni ni lipi hasa?

Ni kitabu kilichotolewa na mchapishaji wa nchi nyingine, kwa kawaida kwa leseni, baada ya hadithi yenyewe kutoka kwao. Hapa nazungumzia zaidi hadithi za Marekani zilizochapwa upya Mexico, Brazil, Ufaransa, Italia, Hispania, Uingereza, Australia, India na nchi za Skandinavia, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980.

Kwa nini nchi hizo hazikuagiza tu vitabu vyenyewe kutoka Marekani?

Lugha ni sababu ya wazi, lakini Uingereza na Australia wanasoma Kiingereza na bado walichapa vyao. Huko shida ilikuwa dola. Mwaka 1940 Australia ilizuia vibonzo vya Marekani kuingia ili kulinda fedha za kigeni wakati wa vita. Kanada ilifanya vivyo hivyo Desemba mwaka huohuo. Uingereza nayo ilibana uagizaji kwa miaka mingi, na vibonzo vya Marekani vilianza kuingia kwa wingi mwaka 1959 tu. Hadithi zilitakiwa na karatasi zenye hadithi hizo hazikuruhusiwa kupita bandarini, kwa hiyo wachapishaji wa ndani walinunua haki na kuchapa wenyewe. K.G. Murray wa Australia alitoa Superman kuanzia 1947. Frew, pia wa Australia, alianza The Phantom mwaka 1948 na anaendelea mpaka leo. London kulikuwa na L. Miller and Son, aliyechapa Captain Marvel. Hadithi hizo zilipokoma Marekani mwaka 1953, mwaka uliofuata akaanzisha Marvelman kujaza pengo.

Ukishika toleo la Australia la miaka hiyo, umeshika kitu kilichozaliwa na sheria ya forodha. Mimi naona hilo linakipa kitabu historia yake yenyewe, tofauti na ya hadithi iliyomo.

Basi hizi si nakala duni za kitabu halisi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mchapishaji wa kigeni mara nyingi hakupiga picha kurasa za kitabu cha Marekani. Alipokea michoro ya wino mweusi bila rangi, akatafsiri, akaandika upya viputo vya maneno, akapaka rangi yake au akaacha bila rangi, akapanga upya kurasa zilingane na ukubwa wa chapisho lake, na mara nyingi akaagiza jalada jipya. Kitabu kilichotoka ni kazi ya wahariri na wachoraji wa nchi hiyo.

Tazama Italia. Kuanzia 1954 Mondadori alimtoa Superman kwa jina la Nembo Kid, na kwa muda mrefu herufi S kifuani mwake ilifutwa. Jina hilo liliendelea hadi katikati ya miaka ya 1960. Ukilinganisha ukurasa wa Nembo Kid na ule wa Marekani, unaona kifua kitupu pale macho yalipozoea kukuta alama.

Ufaransa mabadiliko yaliletwa na sheria ya tarehe 16 Julai 1949 kuhusu machapisho ya vijana. Éditions Lug ya Lyon ilianzisha Fantask mwaka 1969 ikiwa na hadithi za Marvel, wachapishaji wa Spider-Man wa Marekani, lakini tume ya udhibiti ilikuja juu na jarida likafa baada ya namba 7. Januari 1970 Lug ikarudi na Strange, safari hii ikijidhibiti yenyewe kabla ya kudhibitiwa: maandishi ya milio ya ngumi yanafutwa, mistari ya mwendo inapunguzwa, nyuso za kutisha zinalainishwa. Baadaye majalada mengi yalipakwa rangi na Jean Frisano, na picha zake hazipo katika toleo lolote la Marekani. Wafaransa waliokua nazo wanazitafuta kwa sababu hiyohiyo.

Hispania, Vértice walianza Marvel mwaka 1969 kwa vitabu vidogo vinene visivyo na rangi ndani, picha zikikatwa na kupangwa upya ili zienee, huku majalada yakichorwa na Rafael López Espí. India, Indrajal Comics walioanza 1964 wakiwa na The Phantom walihamisha hata jiografia: nchi iliyoitwa Bengali waliigeuza kuwa Denkali, na maharamia wa Singh wakawa Singa, ili hadithi isionekane inamgusa mtu wa Bengal au wa jina hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mexico. Katika Amazing Spider-Man namba 121, ya Juni 1973, Gwen Stacy anakufa. La Prensa, waliokuwa wakichapa El Sorprendente Hombre Araña, walitoa pia hadithi zao wenyewe zilizochorwa palepale Mexico na José Luis González Durán, ambamo Gwen yu hai. Jalada moja linamwonyesha akifunga ndoa na Peter Parker. Hadithi hizo hazikutoka Marekani, na huwezi kuzipata kwa kununua toleo la Marekani hata ukiwa na fedha za kununua nyumba.

Nina kitabu cha Kiingereza chenye bei ya pensi badala ya senti. Ni cha kuchapwa upya?

Huenda sicho. Kuanzia 1960 Marvel walichapa sehemu ya vitabu vyao wakiwa na bei ya Uingereza, kwenye mitambo ileile ya Marekani na katika mzunguko uleule wa uchapaji. Hicho ni toleo la kwanza lenye bei tofauti, na mara nyingi ni adimu kuliko ndugu yake wa senti. Hali ni hiyohiyo kwa vitabu vya bei ya Kanada vya kati ya 1982 na 1986.

Kilichochapwa upya Uingereza kinaonekana tofauti: ukubwa si ule, kurasa za ndani mara nyingi hazina rangi, na mchapishaji aliyetajwa ni wa Uingereza. Kuna pia vitabu vya senti vilivyopigwa muhuri wa bei ya pensi na msambazaji. Hivyo ni vya Marekani vilivyosafirishwa. Wapo wanaouchukia muhuri na wapo wanaoupenda.

Nitajuaje kitabu kilichapwa mwaka gani?

Usiamini mwaka wa kwanza unaouona. Mstari wa hakimiliki mara nyingi unataja mwaka wa hadithi ya asili, si wa kitabu ulichoshika. Kosa la kawaida zaidi ni la vitabu vya Ufaransa: karibu kila chapisho la vijana lina maandishi “Loi n° 49-956 du 16 juillet 1949”, na muuzaji asiyejua Kifaransa hutangaza kitabu cha 1978 kuwa cha 1949. Hayo ni maandishi ya sheria, yanayotakiwa kwenye kila kitabu. Unachotafuta ni maneno “Dépôt légal”, ambayo hufuatwa na mwezi au robo ya mwaka na mwaka wenyewe.

Vitabu vingi vya K.G. Murray havina tarehe popote, na vya Alan Class, aliyechapa Uingereza kuanzia 1959 hadi 1989, navyo ni hivyohivyo. Hapo bei ndiyo inayosema. Australia iliacha shilingi na pensi ikaingia dola na senti tarehe 14 Februari 1966. Uingereza iliingia mfumo wa desimali tarehe 15 Februari 1971, hivyo alama d ni ya kabla na p ni ya baada. Brazil ukiona NCr$ uko kati ya 1967 na 1970. Ufaransa ukiona NF uko mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya faranga mpya. Weka bei hizo kando ya matangazo yaliyomo ndani, kama filamu, vinyago na mashindano yenye siku ya mwisho, na utakaribia mwaka kwa usahihi unaotosha.

Neno moja kuhusu Novaro wa Mexico. Vitabu vyao vya Superman na Batman viliuzwa Amerika ya Kusini karibu yote na hata Hispania. Ukikuta kimoja Chile au Kolombia usikiite toleo la Chile. Soma mahali kilipochapwa. Katika miaka ya 1970 Novaro walitoa kwa saizi tofauti, Águila, Avestruz na Colibrí, na saizi pekee inaweza kukupa muongo.

Nimepata namba tatu za Strange zimefungwa pamoja kwenye jalada gumu zaidi. Ni bahati?

Ni kitu kizuri kusoma, lakini si sawa na namba tatu zilizo huru. Lug walikuwa wakichukua namba zilizorudishwa kutoka madukani bila kuuzwa, wanakata kingo, wanazigundisha pamoja na kuziuza kama albamu. Majalada ya ndani hubaki, ila kitabu kimepungua upana.

Hatari inaanza mtu anapovunja albamu ili auze namba mojamoja. Shika kitabu hicho mkononi utazame mgongo wake: utaona mabaki ya gundi ngumu ya rangi ya asali, wakati mwingine jalada limechubuka pale ilipong’olewa. Kisha kiweke juu ya namba nyingine ya mwaka uleule. Kilichotoka kwenye albamu kinakuwa kifupi kwa milimita chache, na picha ya jalada imekatwa karibu mno na ukingo. Kitabu cha namna hiyo kisilipiwe bei ya namba huru, hata kama kurasa zake ni nyeupe kama theluji.

Thamani inapangwaje? Je, ni asilimia fulani ya bei ya toleo la Marekani?

Hapana. Naomba hili likae. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, alimoanzia Spider-Man, iliuzwa kwa dola milioni 3.6 mwaka 2021. Action Comics namba 1 ya 1938 ilifika dola milioni 6 mwaka 2024. Muuzaji husoma habari hizo, akatazama toleo lake la kigeni la hadithi hiyohiyo, akajipangia sehemu ya kumi. Hakuna soko linalohesabu hivyo.

Bei ya toleo la kigeni inatoka kwa makundi mawili ya wanunuzi. Kundi la kwanza ni watu wa nchi ile, waliokisoma wakiwa watoto. Hawa ndio nguzo ya soko, nao wanathamini mambo ya kwao: namba ya kwanza ya jarida, jalada la mchoraji wao, mfululizo uliokatizwa na serikali. Ndiyo maana namba ya kwanza ya Kalle Anka (Donald Duck) ya Sweden ya 1948, ya O Pato Donald (Donald Duck pia) ya Brazil ya 1950 au ya L’Uomo Ragno (Spider-Man) ya Corno wa Italia ya 1970 ina wateja wanaopigania hali nzuri, bila kujali hadithi za ndani zilitoka lini Marekani. Kundi la pili ni wakusanyaji wa kimataifa wanaomfuata mhusika mmoja au jalada moja kila nchi. Hawa hulipa vizuri kwa hadithi ambamo mhusika maarufu anajitokeza kwa mara ya kwanza, lakini ni wachache, na wawili wakishapata chao mnada wa tatu hupooza.

Kwa hiyo ninapokadiria kitabu hujiuliza kwanza watu wa nchi yake wanakionaje. Baadaye nauliza kama jalada ni lilelile la Marekani au ni la kipekee, kama hadithi ni kamili au imegawanywa, na hali yake ikoje. Umri naupa nafasi ya mwisho.

Suala la hadithi kugawanywa lina uzito. Majarida ya wiki ya Uingereza yalikata hadithi moja vipande viwili au vitatu. Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, yenye Wolverine, ilitokea Uingereza mwaka 1976 ndani ya The Mighty World of Marvel, ikiwa imegawanywa kwenye namba zaidi ya moja. Kabla ya kulipia “Wolverine wa kwanza wa Uingereza”, hakikisha ukurasa unaoutaka umo katika namba unayouziwa.

Lakini changu ni adimu sana. Hilo halina maana?

Lina maana pale tu kuna anayekitaka. Matoleo mengi ya kigeni yalichapwa kwa idadi ndogo kwenye karatasi dhaifu, yakasomwa na watoto wa mtaa mzima na kuishia kufungia bidhaa. Yaliyobaki ni machache kweli. Hata hivyo kuna vitabu ambavyo nakala zake zinahesabika na havimalizi wiki bila kushushwa bei.

Jihadhari pia na hoja ya orodha ya CGC, kampuni ya Marekani inayopima hali ya vitabu na kuvifungia kwenye plastiki. Muuzaji atasema “zipo mbili tu duniani zilizopimwa”. Orodha hiyo inahesabu vitabu vilivyopelekwa kupimwa. Mkusanyaji wa Italia au Brazil mara nyingi hana sababu ya kusafirisha kitabu chake hadi Florida, kulipa ada na kukifungia kwenye plastiki. Nakala mbili kwenye orodha zinaweza kuwa na wenzao mia tano kwenye kabati za watu.

Nikipeleke kupimwa?

CGC, iliyoanza mwaka 2000, inapokea matoleo ya kigeni na kuyapa daraja kutoka 0.5 hadi 10. Kwa kitabu chenye bei kubwa na mnunuzi wa mbali, inasaidia: inathibitisha kwamba hakijakatwa, hakijapakwa rangi wala kubadilishwa jalada. Kwa kitabu cha bei ya kawaida, ada na usafirishaji vitakula faida yote. Wanunuzi wa Ulaya wengi wanapenda kukifungua kitabu na kunusa karatasi yake, na ganda la plastiki kwao ni kizuizi.

Vipo vya bandia?

Vipo. Majalada huchapishwa upya kwa mashine za kisasa na kuvalishwa kurasa za zamani. Chukua kioo cha kukuzia. Uchapaji wa zamani unaonyesha vitone vya rangi vilivyojipanga kwa mistari, wakati printa ya nyumbani inaonyesha ukungu wa vitone vilivyotawanyika. Taa ya urujuanimno nayo husaidia: karatasi nyingi za kisasa hung’aa buluu chini yake, na karatasi ya gazeti ya zamani hubaki imefifia.

Lipo na toleo halali linalogeuzwa udanganyifu. Mwaka 1974 DC, wachapishaji wa Superman, walichapa upya Action Comics namba 1 kwa ukubwa wa kupita kiasi, likiwa na jalada la nje linalosema wazi ni toleo la kumbukumbu. Jalada hilo likiondolewa, kinachobaki kinafanana na cha 1938 mpaka kwenye matangazo. Chukua rula. Lile la 1974 lina urefu wa karibu sentimita 34, na la asili ni karibu 26.

Vipi kuhusu zawadi zilizokuja na kitabu?

Zinahesabika, wakati mwingine kuliko kitabu chenyewe. Namba ya kwanza ya The Mighty World of Marvel, ya 1972, ilikuja na picha ya Hulk ya kubandika kwenye fulana kwa pasi. Watoto waliibandika, kama ilivyokusudiwa, na fulana zimechakaa zamani. Nakala yenye zawadi yake ni kitu kingine kabisa sokoni. Angalia pia kuponi zilizokatwa na mabango yaliyochomolewa katikati. Hesabu kurasa zote kabla ya kulipa.

Naweza kubandika gundi au selotepu pale palipochanika?

Usiguse.

Nivihifadhi vipi?

Mahali pakavu, penye ubaridi, pasipo na mwanga wa jua. Karatasi ya gazeti hujichoma yenyewe kwa asidi iliyomo, na joto huharakisha. Tumia mifuko ya polipropilini au ya Mylar na kadibodi isiyo na asidi. Pima kitabu kabla ya kununua mifuko, kwa sababu mifuko ya kawaida imekatwa kwa saizi za Marekani. Gazeti la wiki la Uingereza halitaingia, na kitabu kidogo cha Vértice kitaelea humo na kukunja pembe. Vitabu vya Vértice visifunguliwe kwa nguvu: gundi ya mgongo imekauka na kurasa hudondoka. Pini zenye kutu ziachwe kama zilivyo, ila kitabu chenye pini hizo kitengwe na unyevu haraka, maana kutu inakula karatasi kutoka katikati.

Bei halisi nizitazame wapi?

Mwongozo wa Overstreet, unaotoka tangu 1970, ni wa vitabu vya Marekani na hautakusaidia sana hapa. Kwa matoleo ya Ufaransa kuna katalogi ya BDM. Kwa Hispania tazama minada ya Todocolección, kwa Ulaya kwa jumla Catawiki, na eBay ya kila nchi kwa lugha yake. Tafuta kwa jina la kigeni. Ukiandika “Spider-Man” utapata wauzaji wanaolenga wageni, na ukiandika “L’Uomo Ragno” utapata wanaouziana wenyewe, kwa bei zao. Soma bei zilizolipwa na uache zinazoombwa. Hifadhidata ya Grand Comics Database, inayojengwa na wapenzi wa kujitolea tangu 1994, itakuambia hadithi iliyomo ilitoka katika namba ipi ya asili.

Naanza. Nichague nini?

Chagua nchi moja na mchapishaji mmoja, usichague mhusika mmoja duniani kote. Ukikaa na Lug, EBAL wa Brazil au K.G. Murray kwa muda utajua karatasi yao kwa kuigusa, utajua mwaka saizi ilipobadilika na namba zipi hazionekani, na hakuna muuzaji atakayekuzidi maarifa. Anza na namba za kati zisizotafutwa, za bei nafuu, ununue kumi, uzisome, hata kwa kamusi. Namba ya kwanza ya jarida isubiri mpaka uweze kutambua iliyotoka kwenye albamu ukiwa umeshika mgongo wake tu.